Meli ya Mizuka Imetia Nanga Sebuleni

Ni saa tano za usiku. Vyombo vimeoshwa, sare za shule zimepigwa pasi, na baba watoto ameshaanza kukoroma. Ndipo mlango wa chumba unasukumwa taratibu. Mtoto wako wa miaka minane amesimama pale akiwa amekumbatia mto wake. "Mama, naomba nilale na nyinyi." Unamuuliza ana nini, hasemi. Unamgusa paji la uso, hana homa. Usiku wa pili mambo ni yale yale. Usiku wa tatu ndipo anapoitoa siri: Jumamosi, kwa jirani, kaka wakubwa walikuwa wakitazama sinema ya meli. Watu walikuwa wanacheza muziki, waya ukakatika, na baada ya hapo hataki kusema zaidi.

Mama mwenzetu, kama jambo hili halijakufika, huenda liko njiani. Sinema anayoisimulia mtoto huyo si ya kubuni kichwani mwake. Inaitwa Ghost Ship, na ni moja kati ya sinema za kutisha za baharini zinazojulikana sana. Mwezi huu tumeona tuizungumzie kwa urefu. Hatupendi kuhukumu kitu kwa kusikia tu, kwa hiyo tuliitazama kwanza sisi wenyewe, watoto wakiwa wamelala. Tunakiri kwamba mara mbili tatu tulijifunika uso kwa khanga.

Sinema yenyewe ni ipi?

Ghost Ship ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 25 Oktoba 2002, siku chache kabla ya Halloween, ile siku yao ya kutishana. Mwongozaji ni Steve Beck, na sehemu kubwa ilipigwa picha Queensland, nchini Australia. Miongoni mwa waigizaji ni Gabriel Byrne, Julianna Margulies na Isaiah Washington.

Hadithi inaanza mwaka 1962 ndani ya Antonia Graza, meli ya fahari ya abiria kutoka Italia. Ni usiku wa dansi. Mabibi wamevaa magauni marefu, mwimbaji mwenye nguo nyekundu anaimba, na binti mdogo aitwaye Katie, anayesafiri peke yake, anacheza na nahodha. Ghafla waya wa chuma unakatika na kupita juu ya sakafu ya dansi kwa nguvu kama panga. Watu wazima wote wanakatwa wakiwa wamesimama. Katie anapona kwa sababu moja tu: ni mfupi. Anabaki peke yake amesimama katikati ya maiti, akipiga mayowe. Hiyo ndiyo picha iliyomkosesha usingizi mtoto wetu, na si yeye tu. Hata watu wazima walioiona zamani na kusahau mengine yote, hiyo bado wanaikumbuka.

Miaka arobaini baadaye, kikundi cha watu wanaofanya kazi ya kuvuta vyombo vilivyoharibika baharini kinafuatwa na rubani mmoja aitwaye Ferriman. Anawaonyesha picha ya meli kubwa inayoelea bila mtu katika bahari ya Bering. Wanakwenda, wanaikuta ni Antonia Graza, na ndani yake wanakuta masanduku ya dhahabu. Badala ya kuondoka salama, wanaamua dhahabu iwe yao. Kuanzia hapo wanakufa mmoja mmoja. Anayebaki hai ni mwanamke mmoja tu, Epps, na anayemsaidia ni mzuka wa yule binti Katie.

Mwishoni siri inafichuka. Dhahabu ile ndiyo iliyowafanya mabaharia wa mwaka 1962 wawaue abiria, kisha wakauana wao kwa wao. Na Ferriman si rubani hata kidogo. Kazi yake ni kukusanya roho za watu kwa ajili ya bwana wake wa kuzimu. Kila anayeingia katika mtego wake hutiwa alama mkononi, na akishatiwa alama ni mali yake.

Kutoka jumba la sinema hadi chini ya televisheni

Sinema ile ilipokuwa katika majumba ya Marekani, kulikuwa na mtu mlangoni. Iliwekwa katika daraja la R kwa sababu ya damu nyingi, matusi na mambo ya uasherati, na maana yake ni kwamba aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi au mlezi. Hata pamoja na zuio hilo, iliingiza zaidi ya dola milioni 60 duniani kote.

Kisha, Machi 2003, ikatolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, katika kanda za video na diski za DVD. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kanda haina bawabu, na diski haimuulizi mtu umri wake. Ikishaingia ndani ya nyumba, mlinzi wa mlango anakuwa ni mama na baba, na mara nyingi mama yuko jikoni na baba hajarudi kazini.

Wengi wetu tunakumbuka jinsi ilivyokuwa. Kijana anarudi na diski ya kukodi iliyofungwa katika gazeti. Vijana kumi wanajazana sebuleni kwa yule mwenye deki, na wadogo zao wanajipenyeza nyuma ya kochi. Hakuna aliyewaona. Mama akipita na sufuria, anaona bahari na meli nzuri inayong'aa, anadhani ni mapenzi tu na muziki. Kumbuka kwamba Ghost Ship inaanza hivyo hivyo, kwa nyimbo tamu na maandishi ya rangi ya waridi, kama sinema ya harusi. Imetengenezwa makusudi ili mtazamaji adanganyike kwanza. Mama anayechungulia dakika mbili na kuondoka ameshadanganyika pamoja nao.

Mwaka 2020 sinema hiyo ilitolewa upya Marekani katika diski za Blu-ray, zenye picha safi zaidi. Na siku hizi sinema za namna hii zinapatikana kwa simu ya mkononi, ndani ya blanketi, taa ikiwa imezimwa. Zamani tulisikia kelele za televisheni tukauliza, "Mnatazama nini huko?" Sasa mtoto anavaa vidude vya masikioni, na nyumba nzima iko kimya. Ndiyo sababu tunaona suala hili halijazeeka pamoja na sinema yenyewe.

Mizuka ya kubuni na misiba ya kweli

Kuna jambo jingine lililotusumbua tulipokuwa tukitazama. Walioibuni Antonia Graza waliifananisha na meli ya kweli, Andrea Doria, iliyokuwa fahari ya Italia. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, ikielekea New York, Andrea Doria iligongana na meli ya Stockholm ya Sweden penye ukungu mzito karibu na kisiwa cha Nantucket. Asubuhi yake ikazama. Watu 51 wa meli hizo mbili walipoteza maisha, na zaidi ya 1,600 wakaokolewa.

Katika Andrea Doria naye alikuwamo binti, wa miaka 14, amelala chumba kimoja na mdogo wake wa miaka minane. Mama yao na baba yao wa kambo walikuwa chumba cha pili. Stockholm ilipopasua ubavu wa meli, pua yake ilimwinua yule binti kitandani na kurudi naye. Alikuja kukutwa ndani ya chuma kilichokunjamana cha meli ile nyingine, ameumia, lakini yu hai. Mdogo wake alikufa, na baba wa kambo pia. Mama aliokolewa akiwa na majeraha.

Baba mzazi wa binti huyo, Edward P. Morgan, alikuwa mtangazaji wa redio Marekani. Jioni ile aliwasomea wananchi habari za ajali hiyo huku akiamini kwamba binti yake amekufa, na hakuwaambia wasikilizaji wake kwamba mwanawe alikuwamo. Baadaye ndipo alipopata habari kwamba yu hai, akarudi kwenye redio na kuwaeleza watu tofauti iliyopo kati ya kutangaza msiba wa wengine na kutangaza wa kwako.

Na hata lile jina la meli ya mizuka, ambalo watu wamelifanyia biashara miaka mingi, lina mama ndani yake. Mapema Desemba 1872, merikebu iitwayo Mary Celeste ilikutwa ikielea kati ya visiwa vya Azores na Ureno bila mtu hata mmoja. Mashua yake ya kujiokoa haikuwapo, lakini shehena ilikuwa karibu yote. Watu wametunga hadithi nyingi za kutisha kuihusu. Lakini waliokuwamo ni watu kumi wenye majina yao: nahodha Benjamin Briggs, mabaharia saba, mkewe Sarah, na binti yao Sophia, wa miaka miwili. Mtoto wao mwingine, Arthur, wa miaka saba, aliachwa kwa bibi yake ili asikose shule. Wazazi wake hawakurudi, wala hawakuonekana tena.

Tunayasimulia haya kwa sababu sisi wa pwani na wa maziwa hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kisichorudi. Tunakumbuka kivuko cha Mtongwe, Mombasa, mwaka 1994. Tunakumbuka MV Bukoba katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander iliyozama mwaka 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. Yawezekana wewe unayesoma hapa uliwahi kusimama ufukweni ukingoja. Mtoto wa nyumba iliyopata msiba kama huo akitazama maiti zikielea na kugeuzwa mchezo, hatazami hadithi ya Waitaliano. Anamtazama mjomba wake. Kabla ya kumwambia, "Ni sinema tu hiyo, acha woga," fikiri kwanza anachokiona yeye.

Je, hakuna zuri ndani yake?

Lipo, na tusiposema hivyo hatutakuwa waadilifu. Hadithi nzima ni ya tamaa. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, na ukiondoa damu na kelele, hicho ndicho sinema hii inachokionyesha. Wale watu walikuwa na nafasi ya kuondoka. Kila mmoja ananaswa kwa kile anachokipenda. Mmoja aliyekwisha kuchumbia anafuata sura ya mwanamke mzuri, yule mwimbaji, mpaka anatumbukia shimoni. Wengine wanakula chakula cha makopo kinachoonekana kitamu, kumbe mdomoni ni mabuu. Mama anayetaka kumweleza kijana wake mkubwa kwamba kishawishi huja kikiwa kimepambwa, hapa ana mifano ya kutosha.

Lakini zipo kasoro mbili ambazo mama Mkristo hawezi kuzifumbia macho. Ya kwanza ni ule utupu na uasherati uliotiwa humo ili kuvuta watazamaji. Ya pili ni mwisho wake. Epps anailipua meli, roho zilizofungwa zinaachiliwa, mtazamaji anapumua. Kisha, akiwa amelazwa katika gari la wagonjwa bandarini, anamwona Ferriman akipanda meli nyingine ya abiria, na masanduku yale yale ya dhahabu yanapakiwa. Sinema inaishia katika mayowe yake. Yaani neno la mwisho amepewa yule mkusanya roho, kana kwamba hakuna awezaye kumzuia. Mtu mzima mwenye imani anajua kwamba sivyo. Mtoto wa miaka minane hajui. Yeye anaondoka na jambo moja tu: yule mtu mbaya bado yuko, na anakuja.

Kuna jambo moja katika hadithi hiyo lililotugusa sana. Ferriman hawezi kumtia Katie alama, kwa kuwa ni mtoto asiye na hatia. Wenyewe walioitunga wanakubali kwamba roho ya mtoto si ya kuchezewa. Basi inatupasa sisi kuwa waangalifu zaidi yao, maana alama inayoachwa akilini na picha ya kutisha haioneshi mkononi. Tunaiona usiku, mlangoni, na mto umekumbatiwa.

Tufanye nini, akina mama?

Kupiga marufuku peke yake hakutoshi, kwani kinachokatazwa nyumbani hutafutwa kwa jirani. Tunashauri haya:

1. Jua kabla hawajatazama. Tafuta alama ya umri kwenye jalada au kwenye ukurasa wa kwanza wa sinema. Ikiwa ni ya miaka 16, 17 au 18, hakuna haja ya kubishana. Kama hakuna alama, tazama wewe kwanza, na usitazame mwanzo tu.

2. Zungumza na jirani. Usiende kwa ugomvi. Mwambie, "Mama nanihii, wangu mdogo haoti vizuri akitazama mambo ya mizuka, naomba unisaidie." Mara nyingi utakuta naye hakujua kilichokuwa kikitazamwa sebuleni kwake.

3. Mshirikishe baba watoto. Baba akicheka na kusema, "Mtoto wa kiume haogopi," mtoto ataacha kusema, lakini hataacha kuogopa. Kubalianeni faraghani, kisha mseme neno moja mbele ya watoto.

4. Simu zilale nje ya chumba cha watoto. Ziwekwe pamoja usiku, hata yako ikiwezekana. Watoto hufuata miguu yetu kuliko maneno yetu.

5. Kijana mkubwa, tazama naye. Mwenye miaka 17 au 18 akisisitiza, keti naye, mzungumze baadaye: kwa nini hawakuondoka? Ni nini kilichomnasa kila mmoja? Diski ya mwaka 2003 ilikuwa na vipindi vifupi vinavyoonyesha jinsi damu ile na ile meli vilivyotengenezwa. Mtu akishaona jiko lilivyo, moshi haumtishi sana.

Na kama ameshaiona?

Usimchape. Akichapwa kwa kusema ukweli, safari ijayo atanyamaza, nawe utapapasa gizani. Mwache asimulie yote, hata kama anarudia. Usimwambie kwamba hakuna kitu alichokiona, alikiona. Mweleze kwamba kilitengenezwa. Waya ule haukumkata mtu yeyote: ni midoli, rangi na kazi ya kompyuta, na wote waliokuwa wakicheza dansi walisimama baadaye wakaenda kula chakula chao.

Mweleze pia habari za Katie. Aliyemwigiza ni Emily Browning, msichana wa Australia aliyezaliwa mwaka 1988. Hakupata hata mkwaruzo. Mwaka 2004 alionekana katika sinema nyingine ya watoto yatima watatu, na leo ni mtu mzima. Mtoto akijua kwamba yule binti alirudi kwao, mzigo hupungua. Mwache alale na taa ndogo kwa siku kadhaa, mlango ukiwa wazi. Kama hofu inaendelea kwa majuma, hali chakula, au anakojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Hiyo si aibu.

Kisha salini pamoja. Tukisoma Injili ya Mathayo, sura ya 14, tunawakuta wanafunzi wakiwa ndani ya chombo usiku, mawimbi yakiwapiga. Wanaona mtu anakuja juu ya maji, nao, watu wazima na wengine wavuvi, wanapiga kelele wakidhani ni mzuka. Bwana hakuwacheka kwa kuogopa, wala hakuwaacha mpaka kupambazuke. Alisema nao papo hapo, na wakaijua sauti yake.

Kwa hiyo mlango ukisukumwa usiku wa leo, usiwe mwepesi wa kusema, "Rudi ukalale." Sogea kidogo kitandani, umpe nafasi. Kesho asubuhi, chai ikiwa mezani, ndipo umuulize taratibu ni meli gani ile, na ni nani mwingine aliyekuwa nyuma ya kochi.